Taarifa Kabla ya Fedha: Utawala na Uongozi wa Mfuko wa Dunia wa Elimu Wakati wa Dharura, Ukitazamwa Kutoka Butembo na Beni

Elimu wakati wa dharura ni jina linalotumiwa kwa kazi ya kuwafundisha watoto ambao vita, maradhi ya mlipuko, mafuriko au uhamaji wa lazima umewatoa darasani, au umewaacha darasani bila mwalimu, bila paa na bila utulivu wa moyo. Kwa miaka mingi kazi hiyo haikuhesabiwa kuwa sehemu ya msaada wa kibinadamu, kwa sababu waliopanga misaada walianza na vinavyookoa uhai siku ileile, yaani chakula, maji, dawa na turubai, wakaiachia elimu ingoje amani. Na kwa kuwa amani katika nchi nyingi huchelewa kuliko utoto, mtoto aliyengojeshwa kwa namna hiyo alikua akiwa nje ya shule. Katika maandishi, hoja ya kuibadili desturi hiyo imekwisha kushinda. Kinachobaki na utata ni namna fedha zinazokusanywa kwa ajili hiyo zinavyotawaliwa, na hilo ndilo linalochunguzwa hapa kutoka Butembo na Beni, miji miwili ya upande wa kaskazini wa jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotenganishwa na kilomita 54 hivi za barabara.

Maneno mawili yanahitaji kutenganishwa tangu mwanzo, kwa kuwa ripoti za mashirika huyachanganya. Utawala wa mfuko ni mpangilio unaoeleza nani anaamua, kwa kanuni zipi, na anamjibu nani akikosea; uongozi ni uwezo wa watu walioshika nafasi hizo kuamua jambo gumu kwa wakati wake na kulibeba linapoleta lawama. Mfuko unaweza kuwa na utawala ulionyooka kwenye karatasi ukakosa uongozi, na kinyume chake hutokea pia, pale mkurugenzi shupavu anapousukuma mfuko mbele huku kanuni zikimfuata nyuma kwa kuchechemea. Hoja inayojengwa katika mhadhara huu ni nyembamba kuliko maneno hayo mawili: kwamba uwajibikaji wa mfuko wa namna hii upimwe kwanza kwa kuuliza kama mpokeaji wa mwisho anajua kilichoamuliwa kwa ajili yake kabla hakijamfikia, kwa maana asiyejua alichotumiwa hana namna ya kudai kilichopungua.

Mfuko unaozungumzwa ulizaliwa Istanbul mwezi Mei 2016, katika Mkutano wa Kilele wa Dunia wa Masuala ya Kibinadamu, na jina lake la Kiingereza, Education Cannot Wait, kwa Kiswahili ni sawa na kusema Elimu Haiwezi Kungoja. Kabla yake kulikuwa na kanuni bila mkoba: mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa fani hiyo, unaojulikana kwa kifupisho cha INEE, uliundwa mwaka 2000 na kutoa viwango vya chini vya kazi mwaka 2004, lakini hapakuwa na chungu kimoja ambacho shule iliyochomwa moto ingeweza kukitazamia. Wakati mfuko unaanzishwa, watoto waliohitaji msaada wa elimu kwa sababu ya migogoro walikadiriwa kuwa milioni 75. Kufikia mwaka 2022 makadirio ya mfuko wenyewe yalitaja milioni 222. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na namna ya kuhesabu iliyobadilika, jambo ambalo wanaoinukuu namba hiyo majukwaani hawalisemi mara nyingi, ingawa hata baada ya tahadhari hiyo haja inabaki kubwa kuliko mkoba.

Utawala wa mfuko una ghorofa tatu. Juu lipo kundi la uongozi la ngazi ya juu, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa chini ya uenyekiti wa Gordon Brown, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza na mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa elimu duniani, nalo hukusanya mawaziri wa nchi wafadhili na wa nchi zenye migogoro, wakuu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, asasi za kiraia na wakfu za hisani. Chini yake ipo kamati tendaji, inayosimamia bajeti na kupitisha maombi. Kisha ipo sekretarieti, iliyojengwa na Yasmine Sherif aliyeanza kuiongoza mwaka 2017, na ambayo makao yake yako New York ndani ya UNICEF. Fedha hutoka kwa njia mbili kubwa: ile ya jibu la kwanza, ambayo hutolewa haraka dharura inapoanza au inapozidi na kwa kawaida haivuki mwaka mmoja, na ile ya programu za miaka mingi, inayolenga migogoro isiyokwisha na inayotakiwa kuandaliwa pamoja na serikali ya nchi husika. Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo mfuko umezifadhili.

Kuishi ndani ya UNICEF kuliamuliwa kwa sababu ya wepesi, kwani mfuko mpya haukulazimika kutunga sheria zake za ajira, za manunuzi na za ukaguzi, bali uliazima zilizokuwapo. Wepesi huo una gharama yake. UNICEF ni mwenyeji wa mfuko, ni mjumbe katika kundi la uongozi, na papo hapo ni mmoja wa wapokeaji wakubwa wa ruzuku zake. Kwa maneno mengine, mwenye jiko ni mmoja wa wanaopakuliwa. Zipo kanuni za kuwatenga wanaoamua na wanaopokea, na hakuna sababu ya kudhani hazifuatwi, lakini mgongano wa maslahi hauhitaji mwizi ili uwe tatizo. Unahitaji tu mazingira ambamo shirika linalojua mapema kilichopikwa linakaa meza moja na asasi ya Butembo ambayo itasikia habari hizo miezi kadhaa baadaye, kwa lugha ambayo viongozi wake hawaisomi.

Safari ya uamuzi kutoka New York hadi darasani hupita vituo vingi. Tangu mageuzi ya mwaka 2005 misaada ya kibinadamu huratibiwa kwa makundi ya kisekta, ambayo Kongo huitwa kwa jina lenye asili ya Kiingereza, klasta, na klasta ya elimu huendeshwa na UNICEF pamoja na Save the Children. Klasta hukusanya taarifa za mahitaji, hugawa maeneo, huidhinisha vipaumbele. Baada yake huja shirika la kimataifa lililoshinda zabuni, kisha asasi ya ndani iliyopewa sehemu ya kazi, kisha ofisi ya elimu ya jimbo, ambayo kwa upande wa kaskazini wa Kivu ya Kaskazini iko Butembo, kisha uratibu wa shule za kanisa, kisha mkuu wa shule. Katika mkutano uleule wa Istanbul wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha za kibinadamu ziende kwa watendaji wa nchi husika kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo ulifika na kupita bila ahadi hiyo kukaribia kutimia. Kila kituo katika safari hii kina sababu yake ya kuwapo, na kila kimoja hukata kiasi cha fedha. Lakini kinachopotea zaidi njiani ni maelezo, kwa kuwa kila anayepokea barua hutuma mbele muhtasari, na anayefikiwa mwisho hupata fulana, begi lenye nembo na sentensi moja ya kuambiwa ashukuru.

Hapa ndipo historia ya Butembo na Beni inapotoa kipimo ambacho mabaraza ya New York hayakukiwaza, kwa sababu sehemu hii ya Kongo iliwahi kuwa na mfuko wake wa elimu wakati wa dharura kabla jina hilo halijatungwa. Shule nyingi za Kongo huendeshwa na makanisa na jumuiya za dini chini ya mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, ambao uliwarudishia waumini usimamizi wa shule baada ya Rais Mobutu kuzitaifisha miaka michache kabla yake, huku dola likibaki na wajibu wa mishahara, mitaala na ukaguzi. Mkataba huo haukutarajia kwamba dola lenyewe lingekauka. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990 mishahara ilikuwa imegeuka kuwa jina tu, walimu wakagoma, na makanisa yakakubaliana na wazazi kwamba wazazi walipe walimu kwa muda, kwa mchango ulioitwa prime, ambao ungeondolewa serikali ikirudi. Muda huo ulidumu karibu miaka 30. Vita viwili vilipita juu yake, waasi walitawala Beni na Butembo kwa miaka kadhaa, sarafu zilibadilika, na shule hazikufungwa, kwa sababu mama aliyeuza maharage na baba aliyeuza kahawa walipeleka prime kila mwezi.

Utawala wa mfuko huo wa wazazi ulikuwa na kasoro nzito. Mtoto ambaye hakulipiwa alirudishwa nyumbani asubuhi mbele ya wenzake, na wasichana wa familia zenye watoto wengi ndio waliotangulia kuachishwa. Sehemu ya makusanyo ilipanda juu kwa ofisi za uratibu na za serikali, ambazo zilizoea kulishwa na shule badala ya kuzilisha. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo mifuko mikubwa haina. Mwanzoni mwa mwaka wa shule mkutano mkuu wa wazazi ulikaa darasani, kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa ubao wa dawati; kiasi kilitajwa, kikapingwa, kikapunguzwa au kikakubaliwa, na kamati ya wazazi ikatoka ikijua ni nini kitaingia na mgawo wake ni upi. Mwalimu ambaye hakulipwa alijua ni nani wa kumuuliza, na mzazi aliyeona paa bado linavuja alijua amechangia nini. Anayelipa na anayelipwa walikutana sokoni Jumamosi.

Butembo imezoea kujitegemea kwa namna inayowashangaza wageni. Chini ya Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi alipohamishiwa Bukavu mwaka 1997, wakazi walifungua na kutunza barabara kwa mikono yao, na mwaka 1989 jimbo hilo la kanisa lilianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben wakati serikali ikishindwa kuendesha vyuo ilivyokuwa navyo. Ni rahisi kuigeuza historia hiyo kuwa hadithi ya sifa na kuhitimisha kwamba watu wa aina hii hawahitaji mfuko wa dunia. Hitimisho hilo lingekuwa kosa. Prime ya wilaya ya Beni ililipwa na kakao, kahawa na utomvu wa papai, na mashamba ya mazao hayo yako Mbau, Oicha, Eringeti na Mangina, katika maeneo yaleyale ambamo tangu Oktoba 2014 raia wameuawa kwa mapanga na bunduki na wapiganaji wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda lililojichimbia milima na misitu ya mpakani tangu miaka ya 1990. Mzazi anayekimbia hupoteza shamba na shule kwa siku moja. Na kwa kuwa jirani zake wote wamekimbia siku hiyohiyo, mfuko wao wa pamoja hukauka wakati ambapo watoto wote wanauhitaji. Wataalamu wa bima wanaijua hali hiyo: hatari inayowapiga wanachama wote kwa pamoja haiwezi kubebwa na wanachama wenyewe, hutafutiwa wabebaji walio mbali. Hiyo ndiyo sababu ya haki ya kuwapo kwa mfuko wa dunia, nayo ni sababu yenye nguvu zaidi kuliko huruma.

Serikali ilirudi, kwa namna yake, mwezi Septemba 2019, pale elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, kama kifungu cha 43 cha katiba ya mwaka 2006 kinavyotaka. Madarasa yalifurika. Walimu wengi ambao hawakuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali walipoteza prime bila kupata mshahara, na ukaguzi wa fedha wa mwaka 2020 ulifichua shule na walimu waliokuwapo kwenye karatasi peke yake. Benki ya Dunia, iliyoidhinisha dola milioni 800 mwezi Juni mwaka huohuo kusaidia mageuzi hayo, ilijikuta ikifadhili orodha ambayo hakuna mtu wa Beni aliyewahi kuiona ikibandikwa. Shule hewa huishi kwa sharti hilo. Shule iliyotajwa kuwa ipo Oicha isingedumu wiki moja kwenye orodha inayosomwa Oicha, kwa sababu wauza chumvi wangecheka.

Fundisho lililo wazi zaidi, hata hivyo, halikutoka katika elimu. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, na hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Fedha zilikuja nyingi na haraka kuliko zilivyowahi kuja kwa jambo lolote katika eneo hilo. Magari yalikodishwa, hoteli za Butembo zikajaa, na ndoo zenye bomba na maji ya klorini zikawekwa kwenye milango ya shule, ambako mwalimu wa zamu alisimama na kipimajoto akikielekeza kwenye paji la uso la kila mtoto. Watu ambao walikuwa wamezika majirani zao kwa miaka minne bila kuona msafara wa aina hiyo waliuliza swali la haki kabisa: kwa nini ugonjwa huu una wafadhili na mapanga hayana? Hawakujibiwa. Mwezi Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha upigaji kura wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, na wakazi wa Beni wakapanga foleni tarehe 30 Desemba kupiga kura yao ya mfano, wakinawa mikono kabla ya kuingia. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi Februari, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa katika kliniki ya chuo kikuu, Butembo. Mauaji hayana udhuru. Lakini kutoaminiwa kwa kazi nzima kulikuwa na chanzo kinachoeleweka, nacho ni fedha zilizotangulia maelezo.

Ripoti ya tume huru iliyotolewa mwezi Septemba 2021 iliongeza jambo zito zaidi: wanawake na wasichana walidhulumiwa kingono na watu walioajiriwa katika jibu la Ebola, mara nyingi kwa kuahidiwa kazi, na tume ilitaja watuhumiwa 83, ambao 21 kati yao ilithibitika waliajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Namba za simu za kupokea malalamiko zilikuwapo. Msichana aliyedaiwa mwili wake ili apate kazi hakuwa na karatasi ya kumwambia kwamba kazi hiyo ina tangazo, ina ngazi ya mshahara na haina ada. Na sanduku la malalamiko, hata likiwa na kufuli jipya, halimsaidii mtu ambaye hajaambiwa ni nini kilikuwa haki yake. Mifuko ya elimu, ambayo huajiri wahamasishaji, walimu wa muda na walinzi katika jamii zilezile, imerithi historia hiyo ipende isipende.

Watoto wenyewe waliwahi kuonyesha wanachokielewa kwa utawala. Mwezi Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walihamia uwanja wa ofisi ya meya, wakalala hapo usiku baada ya usiku, wakisema hawatarudi darasani hadi rais wa nchi aje aone mauaji kwa macho yake. Watu wazima wengi waliona utovu wa nidhamu. Ukitazamwa kwa makini, ulikuwa utaratibu kamili: walioguswa na uamuzi walikwenda kwenye mlango wa anayeamua, wakataja jina lake, wakataja wanachotaka, na wakakaa mahali ambapo kila mtu angeweza kuwahesabu. Rais Tshisekedi alifika Beni mwezi Juni. Kabla ya hapo, tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilikuwa imeanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, yaani utawala wa kijeshi ambao uliweka maofisa mahali pa gavana na mameya na kulisimamisha bunge la jimbo.

Jambo hilo la mwisho linaugusa mfuko moja kwa moja, kwa sababu kanuni yake inasema programu za miaka mingi ziongozwe na serikali ya nchi. Katika Beni ya hali ya kuzingirwa, serikali hiyo ni nani? Waziri yuko Kinshasa, gavana ni jenerali mwenye vita vya kupigana, wawakilishi waliochaguliwa hawakai, na mratibu wa shule za kanisa, ambaye anazijua shule nyingi kwa majina, si serikali kwa mujibu wa fomu ya maombi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliutwaa mji wa Goma, makao ya jimbo, mamlaka ya jimbo yakahamia Beni, na mji ambao ulikuwa pembezoni mwa kila ramani ya misaada ukawa makao. Familia zilizokimbia mapigano ya kusini mwa wilaya ya Lubero, baada ya mji wa Kanyabayonga kuanguka mwezi Juni 2024, zilikuwa tayari zimeshaingia Butembo kwa maelfu, zikipokewa zaidi na jamaa kuliko na kambi, kiasi kwamba mtoto mgeni huonekana kwanza shuleni, pale benchi la watu watatu linapokaliwa na watano na mwalimu anapoongeza majina kwa kalamu ya risasi chini ya mstari wa mwisho wa daftari la mahudhurio. Daftari hilo ni takwimu sahihi kuliko tathmini nyingi za haraka, na halijulikani kuwa limewahi kuambatishwa kwenye ombi la fedha.

Upande wa juu wa mfuko nao umedhoofika. Katika mkutano wa wafadhili wa Geneva, Februari 2023, lengo lilikuwa dola bilioni 1.5 kwa miaka minne, na ahadi zilizotolewa hapo zilifikia dola milioni 826. Ahadi ni za hiari, hutoka kwa mataifa machache, na hufuata uchaguzi wa mataifa hayo. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, athari zilifika Kivu katika siku chache, miradi ikasimama katikati ya muhula. Hakuna kanuni ya utawala inayoweza kumlazimisha mfadhili. Kinachowezekana ni kumlazimisha mpokeaji wa kati atoe habari, nalo ni jambo ambalo kundi la uongozi lina uwezo kamili wa kuliamua kwa kikao kimoja.

Pendekezo linalotokana na hayo yote ni la karatasi moja. Kila shule inayoingizwa katika ruzuku ibandikiwe ukutani, kabla kazi haijaanza, orodha ya kilichoidhinishwa kwa ajili yake: madawati mangapi, vitabu vingapi, walimu wangapi watalipwa posho na kwa miezi mingapi, nani ameshika dhamana, na tarehe ya mwisho. Iwe kwa Kiswahili na kwa Kinande, ambacho wenyewe wengi sasa hukiita Kiyira, na isomwe kwa sauti katika mkutano wa wazazi, kwenye madawati yaleyale ambako prime ilijadiliwa. Mfuko umekwisha kutoa nafasi kwa vijana katika vyombo vyake vya juu, hatua ya heshima. Lakini kijana mmoja kwenye kikao cha New York hana macho ya kuangalia ukuta wa kila shule, na kamati ya wazazi ya kijiji kama Mavivi inayo.

Pingamizi kubwa dhidi ya karatasi hiyo linatoka kwa watu wa usalama, na linastahili kujibiwa kwa uzito wake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji wa ADF walivuka mpaka hadi shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, upande wa Uganda ng'ambo ya Kasindi, wakaua watu zaidi ya 40, wakiwemo wanafunzi 37, baadhi yao kwa kuchoma bweni. Shule katika ukanda huu ni shabaha, ingawa Kongo ilitia saini Azimio la Shule Salama mwaka 2016. Kutangaza kwamba shule fulani imepokea bati mia tatu ni kumwelekeza mwizi, na kutangaza siku ya posho ni kumwelekeza mtu mbaya zaidi. Jibu ni kuchagua kinachotangazwa. Idadi ya madawati haimvuti mwenye bunduki. Siku ya kusafirisha fedha taslimu humvuta, na hiyo haina haja ya kuandikwa, hasa pale malipo yanapopitia simu. Palipo na hatari kubwa zaidi, kusoma kwa sauti mbele ya wazazi bila kubandika kunatosha, kama wazazi wa huko walivyofanya mambo mengi katika miaka ambayo kuandika kulikuwa hatari. Siri inayodaiwa kwa jina la usalama, mtu akiichunguza, mara nyingi inamlinda mtu mwingine kabisa.

Posho ya mwalimu ndiyo itakayokuwa mtihani wa kweli wa karatasi hiyo. Mashirika hukwepa kulipa mishahara, kwa hoja kwamba mshahara ni wa dola na mradi hautaki kuacha deni, hivyo hulipa kitu kidogo kinachoitwa motisha, kwa walimu waliochaguliwa, kwa miezi michache. Katika shule moja hukutwa mwalimu anayelipwa na serikali, wa pili anayelipwa na mradi, na wa tatu ambaye halipwi na yeyote na bado huja kila asubuhi akiwa na chaki mfukoni. Wote watatu wanafundisha watoto walewale, na watu watatu hao hawajawahi kuelezwa kwa pamoja kwa nini imekuwa hivyo. Kiongozi wa mfuko anayetaka kujua kama mfuko wake una utawala angeanza kwa kuwaita hao watatu.

Na ipo kalenda. Mwaka wa shule Kongo huanza Septemba na humalizika mwanzoni mwa Julai, baada ya mitihani ya taifa, lakini ruzuku ya jibu la kwanza huanza kuhesabiwa tangu siku mkataba unapotiwa saini. Ruzuku ya mwaka mmoja iliyotiwa saini mwezi Februari hutumia miezi ya mwanzo katika manunuzi na usafiri, huwakuta watoto wakikaribia likizo ndefu, kisha hufungwa Februari inayofuata, wakati darasa la sita lina miezi michache kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu wa posho huondoka hapo. Kuisogeza tarehe ya kufunga hadi Julai kunahitaji sentensi moja katika mkataba, na wanaoweza kuiandika ni wale wa ghorofa ya pili, katika kamati tendaji, ambao kalenda yao ya fedha huisha Desemba.